Huyu Hakubembelezwa

Alhamisi ilikuwa siku ya pasi. Kanzu za Ijumaa za baba na wanawe, mashuka, vitambaa vya meza ambavyo madam hakuwahi hata kuvitandika, vyote vilinisubiri katika chumba cha kufulia kule Al-Safa, Jeddah. Na mimi niliisubiri siku hiyo, maana Alhamisi ndiyo tuliyokuwa tukihukumu nyimbo. Sikio moja nalitia kisikizi cha simu chini ya mtandio, la pili naliacha wazi kwa ajili ya madam. Mwenzangu alikuwa Riyadh, nyumba nyingine, pasi nyingine, naye sikio lake moja liko wazi vilevile.

Tulijuana Nairobi, kwenye kile chuo ambapo mtu mzima hufundishwa kuwasha mashine ya kufua na kuitikia "naam, madam" kabla hajapanda ndege. Mimi ni mtu wa Pwani, yeye ni wa bara. Tulilala vitanda vya juu na chini, na usingizi ulipokataa tukaanza kuulizana habari za utotoni, ndipo tukagundua kwamba sote wawili tuliwahi kusimama kwenye tamasha la muziki la shule, tukimngoja mwamuzi asome maoni yake. Mkenya yeyote aliyeimba kwaya ya shule anamjua mtu huyo. Anaanza kwa kushukuru. Anasifu mlivyoingia jukwaani, anasifu sare zenu, anasifu hata tabasamu la mwalimu. Kisha anasema "lakini". Baada ya neno hilo watoto hulia njia nzima mpaka nyumbani.

Basi sisi tuligeuka huyo mtu. Kuna shindano la nyimbo la mataifa, kila nchi hupeleka wimbo mmoja kwa mwaka, na watazamaji hupiga kura kwa simu. Nchi yetu haikosi. Kwenye mbio dunia nzima inatuogopa, kwenye kuimba tunashika mkia, na mkia wenyewe tunaushika kwa mikono miwili. Tulianza na wimbo wa mwaka huo, tukarudi nyuma mmoja mmoja, wiki baada ya wiki. Mimi nilikuwa mwamuzi wa maneno, yeye wa sauti. Tulirekodi hukumu zetu tukipiga pasi, tukazituma kwenye kundi la wanawake wa nyumbani walioko Jeddah na Riyadh, pamoja na madereva na mabawabu wachache. Kundi lenyewe lilikuwa la michango ya misiba, la kuulizana habari za ikama, kile kibali cha kukaa, na kuonyana juu ya kafili fulani, mwajiri mwenye mkono mwepesi. Tukaliingizia kicheko, na haki ya Mungu lilikuwa linakihitaji.

Mwaka mmoja walimpeleka kijana na gitaa lake, akaimba amani huku nyuma yake kwenye skrini ndovu wanavuka mto. Nikasema asante sana kijana, umeingia vizuri, gitaa lako limetulia, lakini ndovu wamekushinda. Mwaka uliofuata wakakusanya ngoma za makabila yote wakazitia chungu kimoja, zikatoka kama githeri ambayo mahindi yameiva na maharagwe bado. Halafu yule dada aliyeimba Kiingereza cha puani, utadhani Kiswahili kimepigwa marufuku. Mwenzangu alimshukuru kwa gauni lake refu, akasema pumzi anayo, lakini anaimba kama mtu anayeomba viza. Watu walicheka mpaka kuna dereva aliandika kwamba amelazimika kuegesha gari.

Alikuwa na sikio, wallahi. Angekuambia mwimbaji huyu amekula kabla ya kurekodi, huyu anamwogopa mpiga kinanda, huyu ana homa. Mimi nilikuwa natania tu, lakini yeye alisikiliza kama daktari. Ndiyo maana lililotokea baadaye linaniuma mpaka leo.

Alikuwa na binti. Alimwacha kwa bibi yake kabla hajaanza darasa la kwanza. Mwanzoni walizungumza kila Ijumaa, mtoto akiuliza swali lile lile, utarudi lini, na mamake akitoa jibu lile lile. Baadaye ikawa yuko shule. Ikawa amelala. Ikawa ametumwa dukani, duka ambalo mtoto haendi wala harudi. Mwenzangu aliwahi kurudi nyumbani kwa likizo mara moja. Binti akampa mkono kama anavyopewa mgeni, akaenda kulala kwa jirani, na likizo nzima alimjibu mamake kwa kutikisa kichwa. Mwenzangu akarudi Riyadh, akaendelea kutuma karo na viatu, namba ya mguu akiuliza kwa bibi. Sauti ya mwanawe aliyokuwa nayo kichwani ilikuwa ya mtoto mdogo anayeuliza utarudi lini.

Na huku alikuwa na mtoto mwingine, asiye wake. Kitindamimba wa madam wake alizaliwa, madam akaugua kwa muda mrefu, mtoto akawekwa mikononi mwa mwenzangu na hapo ndipo alipokulia.

Nilimwona mtoto huyo siku tulipokutana, na katika miaka yote ile tulikutana mara moja tu. Madam wangu alikuwa anakwenda Riyadh kwenye harusi ya ukoo. Nilimsifia maduka ya vitambaa ya Al-Sulimaniyah wiki nzima, mpaka akadhani wazo la kwenda huko ni lake. Mwenzangu naye alimpika madam wake vivyo hivyo. Tukaonana katikati ya majora ya hariri, kila mmoja yuko nyuma ya bibi yake, mikono imejaa mifuko. Hatukukumbatiana. Tulisimama tu karibu karibu, tukijifanya tunaangalia kitambaa cha zambarau, na nilimwona amekonda. Mtoto wa madam alikuwa begani kwake, mkubwa mkubwa, miguu inaning'inia, analialia usingizi. Mwenzangu akaanza kumwimbia chini chini:

Kunde zimeiva, nani atachuma?
Ni fulani wangu, akiamka.

Pale penye fulani hutiwa jina la mtoto. Wimbo huo niliujua, maana alikuwa akiuimba kule Nairobi kwenye kitanda cha chini, jina la bintiye ndani yake, mto umeloa. Aliutunga mwenyewe wakati anamlea. Sasa nikasikia umetiwa jina la mtoto wa watu, mtoto ambaye hajawahi hata kuuona mmea wa kunde. Moto ukanipanda. Mimi sina breki ya mdomo, nikamuuliza, ala, wimbo wa mwanao umeugawa?

Hakukasirika. Alimpapasa yule mtoto mgongoni, akanijibu, "Mtoto akilia utamwimbia nini, dada? Mimi nina wimbo mmoja tu."

Kisha madam wake akasema yalla, wakaondoka.

Sasa mwaka huu waandalizi wa kwetu wakaja na ujanja. Nyimbo zilizofika mchujo wa mwisho wa kitaifa zilitolewa mtandaoni bila jina la mwimbaji wala picha, ili watu wasipige kura kwa kabila. Nilicheka, maana Mkenya atanusa kabila hata kwenye kikohozi. Lakini kwetu sisi waamuzi wa pasi ilikuwa sikukuu. Tulizihukumu zote Alhamisi moja.

Mmoja ulikuwa wa msichana. Aliimba kuhusu kikombe kinachooshwa kila siku katika nyumba fulani ingawa hakuna anayekinywea. Hakuna ndovu, hakuna ngoma, kinanda tu na sauti. Mimi kwenye maneno nilimpa sifa zote, nikasema hatimaye tumepata mtu aliyewahi kuosha vyombo. Nikamwachia mwenzangu sauti. Alichelewa. Hukumu yake ilipokuja ilikuwa fupi, na aliitoa taratibu, pasi yake ikitoa mvuke nyuma.

"Asante sana binti kwa wimbo wako. Umeingia vizuri, pumzi unayo, na sauti Mungu amekupa. Lakini huyu hakubembelezwa. Mtoto aliyeimbiwa na mamake unamjua, hata akipotea ana mahali pa kurudi. Huyu anaimba kama mtu aliyejilaza mwenyewe."

Kundini mtu akaandika, uwii, huyu mama ataua mtu. Nani aliyeitoa sauti ile nje ya kundi hatukujua wala hatutajua. Ilivuka bahari kabla pasi haijapoa. Ikafika Mombasa, ikafika Nairobi, watangazaji wa redio wakaicheza asubuhi, vijana wakaifanyia vichekesho: mtu akiunguza chapati anaambiwa huyu hakubembelezwa. Wakamwita mwenzangu Mwamuzi wa Saudia, bila kujua ni nani. Alifurahi, masikini. Aliniambia kwamba tangu afike huku hakuna aliyewahi kumsikiliza kiasi hicho. Na wimbo wenyewe, labda kwa ajili ya makelele hayo, ndio ulioshinda kura.

Siku ya kumtoa mwimbaji hadharani nilikuwa jikoni nakamua ndimu, simu imeegemea birika. Pazia likafunguliwa, akatoka msichana mwembamba, wakataja jina lake la jukwaani, jina la kujibandika tu. Halikuniambia kitu. Halafu akatabasamu. Nikaona mwanya katikati ya meno ya mbele, na paji la uso lililonyooka juu, nikajua nimewahi kuviona vitu hivyo viwili pamoja, tena kitanda cha chini, Nairobi. Mikono yangu ilikuwa na ndimu, nikajifuta machoni bila kufikiri, yakawaka moto.

Simu ikaita. Mwenzangu hakuwahi kunipigia saa za kazi hata mara moja. Nilisikia maji ya bomba yanamwagika, alikuwa amejifungia bafuni.

"Dada," akasema, "ni wangu."

  Maji yaliendelea kumwagika mpaka mtu wa nyumba ile akamwita, akakata.

Labda ingeishia hapo, kwa aibu ya watu wawili tu. Lakini maji yakishamwagika hayazoleki. Wiki hiyo hiyo binti aliitwa kwenye kituo kimoja cha televisheni, na mtangazaji, kwa kutaka kuchangamsha mambo, akamchezea ile sauti na kumuuliza anajisikiaje. Msichana aliisikiliza mpaka mwisho. Akaomba ichezwe tena. Mtangazaji akacheka, akairudia.

"Sauti hiyo naijua," akasema. "Ni mamangu. Yeye ndiye hakuijua yangu."

Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja mtaa anaokaa. Mtangazaji akapeleka matangazo ya biashara haraka haraka.

Kundini, lo. Wale wale waliokuwa wakicheka hukumu zetu wakageuka mawakili wa mtoto. Mama gani huyu hajui sauti ya mwanawe. Mmoja akaandika kwamba yeye angemjua wake hata kwa kupiga chafya. Hapo nikawaka. Nilirekodi sauti ndefu, pasi nimeizima kabisa. Niliwauliza ni nani kati yao amemsikia mwanawe tangu sauti ilipovunjika, ni nani anajua mwanawe anacheka vipi siku hizi asipokuwa anachekea simu ya kuombea karo. Niliwaambia uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na wao wamekaa kwenye makochi ya watu wakijifanya mahakimu.  Nikajitoa kundini kabla hawajanitoa. Baadaye wawili watatu walinipigia mmoja mmoja wakilia, kila mtu akilia wake.

Mwenzangu hakutaka kutetewa. Alitaka kitu kimoja, binti apokee simu. Hakuwa hata anataka msamaha, aliniambia, anataka tu amsikie akisema haloo ili asimpotee tena. Alimpigia, simu ikaita mpaka ikachoka. Alimwandikia, ujumbe ukasomwa, jibu hakuna. Alimpigia mamake, bibi wa mtoto, akaambiwa mwache kwanza mwenzio, ana mambo mengi. Madam wake alikuwa amemkubalia likizo shule zikifungwa, na sasa aliiogopa likizo yenyewe. Ataenda kukaa kwenye nyumba ambayo binti anaihama anapoingia? Akaacha kula sawasawa. Akaacha kuhukumu nyimbo, na mimi nikaacha, na Alhamisi ikarudi kuwa siku ya nguo.

Fainali ilikuwa Ijumaa baada ya sala. Familia yangu ilikwenda kula kwa mjomba wao Al-Nuzha, nikabaki na nyumba na simu. Binti alivaa nguo nyeupe isiyo na mbwembwe. Aliimba habari ya kikombe mbele ya dunia, na nasema hivi kama mwamuzi, si kama shangazi: aliimba vizuri kuliko wote tuliowahi kuwapeleka. Lakini nilisikia pia kile alichokisikia mwenzangu. Kulikuwa na mahali katika sauti ile pasipo na mtu. Hakukosea popote, na hilo ndilo liliniliza, kwamba hakujipa nafasi ya kukosea.

Kura zikahesabiwa, tukashika mkia vilevile. Sikumpigia mwenzangu. Nilijua naye yuko bafuni.

Siku chache baadaye ujumbe ukaingia kwenye simu yake, wa kwanza tangu binti awe mtu mzima. Alinisomea mara nyingi sana nikaushika kwa moyo. "Ulisema sikubembelezwa. Nibembeleze basi nisikie."

Nikamwambia mwimbie, unangoja nini? Una wimbo, ni wake, mrudishie. Alinikatia simu akaenda kurekodi. Nikaendelea na nguo zangu nikitabasamu peke yangu, nikiwaza kwamba sasa yamekwisha, halas.

Alinipigia tena, na sasa alikuwa analia.

"Dada, jina halitoki. Nalijua. Nimeliandika mkononi. Lakini nikianza kuimba, nikifika pale linakuja la huyu."

Alikuwa amejaribu na kufuta, akajaribu na kufuta. Ulimi ulikuwa umezoea. Miaka yote ile ya kumlaza mtoto wa madam, wimbo ulikuwa umeshonwa jina jipya, na kila alipopita pale, pasipo kutaka, jina la mtoto wa Riyadh lilimtoka kama lilivyozoea kutoka. Alipojilazimisha kutaja la mwanawe, lilitoka kama la mtu anayeitwa ofisini, na sauti ikavunjika, na wimbo haukuwa wimbo tena. Alisema bora afe kuliko kumtumia binti kitu kama kile, maana ana sikio yule, atajua.

 Nikamwambia lile nililoliona karibu, kwamba asilazimishe. Aimbe, akifika penye jina anyamaze, halafu aendelee. Aache nafasi.

Akafanya hivyo. Alimtumia binti, na mimi akanitumia. Nilisikiliza nimesimama, kanzu ya baba mkononi. Kunde zimeiva, nani atachuma? Ni, kisha kimya, na ndani ya kimya kile nikasikia friji ya Riyadh ikinguruma na mtu kwa mbali akifunga kabati. Kisha, wangu, akiamka.

Ujumbe ukasomwa. Jibu hakuna. Wiki ikapita, nikajilaumu kimoyomoyo kwa ushauri wangu, nikamwambia Mungu mambo ambayo sitayaandika hapa.

Jibu lilikuja Alhamisi. Mwenzangu alinipigia kutoka bafuni, akalifungulia sauti nisikie pamoja naye. Binti hakusema neno hata moja. Aliimba. Aliuanza wimbo pale mamake alipouanza, kwa sauti ndogo isiyo ya jukwaani, na alipofika penye nafasi akalitia jina lake mwenyewe, lile la nyumbani, akaendelea. Halafu akaimba ubeti wa pili. Sikuwahi kuusikia. Ulikuwa wa ungo na kuku anayedonoa kunde, na mwenzangu akapumua kwa nguvu, kwa sababu ni yeye aliyeutunga na alikuwa ameusahau kabisa. Binti alikuwa ameuweka wote.

Tulikosea, mimi na yeye na redio zote. Alibembelezwa yule. Alikatiziwa.

Mwenzangu akairudia sauti ile tangu mwanzo. Ndipo nikasikia mlango wa bafu unagongwa kwa viganja vidogo. Mtoto wa madam alikuwa nje, amekuwa msichana wa shule sasa lakini bado halali bila yeye, na kwa Kiswahili safi alichofundishwa na mwenzangu alikuwa anasema huo wimbo ni wake, na kuuliza ni nani huyo anayeuimba. Aligonga, akauliza tena, akaanza kulia.

Mwenzangu alizima sauti ya binti, akafunga bomba, akaenda kumfungulia.